Beni: Ngoma Iliyopiga Kwata Mitaani

Kabla ya tarumbeta kulikuwa na siwa. Ile ya Pate ilichongwa kwa pembe ya ndovu, ya Lamu ilisubiwa kwa shaba, na zote mbili ni hazina ya makumbusho ya Lamu. Siwa haikupulizwa na kila apendaye. Ililia kwenye harusi za nyumba kubwa, kwenye tohara za watoto wa waungwana, kwenye mambo ya dola. Mtumwa, au mgeni asiye na ukoo mjini, aliisikia akiwa pembeni, wala hakuwa na haki ya kuiita yake. Katika miji ya pwani sauti ya pembe ilikuwa sauti ya mwenye mji. Jambo hili lafaa kukumbukwa tunapowatazama vijana wa Lamu na Mombasa waliotoka barabarani katika miaka ya 1890 na ngoma kubwa ya bendi, wakienda kwa hatua moja, kulia, kushoto, wakipuliza vyombo vyao wenyewe bila kungoja ruhusa ya ukoo wowote. Ngoma yao iliitwa beni. Katika muda wa miaka 40 hivi ilikuwa imetoka visiwa vya Lamu ikafika kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na Katanga, na ni vigumu kuitaja ngoma nyingine ya mtaani katika upande huu wa Afrika iliyosafiri mbali namna ile kwa miguu ya watu wa kawaida.

Mashindano yenyewe yalikuwako tangu zamani. Mji wa Kiswahili haukukaa bila pande mbili. Lamu ilikuwa na Mkomani na Langoni, na kila upande ulikuwa na vigogo wake, washairi wake, wapishi wake na chuki zake zilizotunzwa vizuri. Ngoma ndiyo iliyokuwa uwanja wa kupimana. Upande mmoja ukicheza leo na kuchinja ng'ombe wawili, upande wa pili utacheza kesho na kuchinja wanne. Huku wakiimba fumbo, kule watakesha wakitafuta jibu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa Ujerumani mwaka 1903 na Carl Velten, alizieleza ngoma nyingi za pwani ya wakati wake pamoja na wachezaji wake na gharama zake. Msomaji wake haoni watu wanaojifurahisha jioni baada ya kazi. Anaona mji unaotumia ngoma kuamua nani ni nani.

Lililobadilika mwishoni mwa karne ya 19 ni chombo na umbo. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Unguja kutoka 1870 hadi 1888, alikuwa na bendi ya wapigaji wa Kigoa waliopiga mbele ya jumba lake, na watu wa mjini waliizoea sauti ya shaba na ngoma ya bendi. Bara ya Mombasa, wamisionari wa Kianglikana wa shirika la CMS walifungua makazi ya Freretown katikati ya miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya biashara ya utumwa, na huko nako vijana walifundishwa kwata na kupuliza tarumbeta. Kisha zikaja manowari, askari wa Kihindi, kampuni ya Waingereza mwaka 1888, himaya mwaka 1895, na mwaka uliofuata reli ikaanza kuelekea Uganda kutoka Mombasa. Kijana wa Mombasa aliyezaliwa mwaka 1875 alikuwa ameona, kabla hajatimiza miaka 25, magwaride mengi kuliko babu yake aliyoyasikia maisha yake yote. Aliona pia kwamba wenye magwaride hayo ndio waliokuwa wakiwaambia masultani la kufanya.

Wakati uleule utumwa ulikuwa ukivunjwa kipande kwa kipande: Unguja mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907. Maelfu ya watu walikuwa wakitafuta mahali pao katika mji ambao hadi jana uliwahesabu kuwa mali. Mishahara ya reli na bandari iliweka pesa mkononi mwa vijana wasio na shamba wala jina. Beni ikawapokea hao, na ikawapokea pia watoto wa waungwana waliochoka na ngoma za baba zao.

Tuisogelee ngoma yenyewe. Mchana, mara nyingi siku ya mapumziko, wachezaji wanapangwa safu kwa safu kwenye uwazi wa mtaa. Suruali fupi nyeupe zimepigwa pasi hadi mkunjo unasimama. Soksi zimevutwa mpaka chini ya goti. Kila mmoja ana fimbo, au kirungu, au bunduki ya mbao. Ngoma kubwa iko katikati, ndogo ziko pembeni, na kama kuna pesa kuna tarumbeta. Kama hakuna, kuna vibuyu vinavyoimbwa ndani yake vikatoa mlio wa shaba. Filimbi inalia. Safu inaondoka polepole, kiwiliwili kimenyooka, mguu unaburuta kidogo kabla ya kukanyaga, na hapo ndipo mtu aliyetazama askari wa kweli angeiona tofauti. Askari hukanyaga kwa nguvu ili atishe. Mchezaji wa beni anaichelewesha hatua, anaiinamisha, anaizungusha, mpaka kwata inageuka kuwa madaha. Nyuma ya safu wanakuja wanawake na wimbo, na nyuma ya wanawake mtaa mzima. Wimbo unamtaja mtu aliyekopa asilipe, upande wa pili ulioshindwa kulisha wageni, mkuu fulani aliyepewa cheo na Wazungu. Ni habari za mji, zimepangwa kwa vina na kutangazwa hadharani ambapo hakuna anayeweza kusema hakusikia.

Maofisa wengi wa kikoloni waliotazama walikiita kitu hiki uigaji, na baadhi ya wasomi waliofuata wakarudia hukumu hiyo kwa maneno ya adabu zaidi: kwamba Mwafrika aliyenyimwa madaraka ya Mzungu alijipoza kwa kuvaa nguo zake. Mimi hukumu hii siikubali, na historia ya ngoma yenyewe hainiruhusu kuikubali. Aliyeiandika kwa kina kuliko wote ni Terence Ranger, katika kitabu alichochapisha mwaka 1975, na alionyesha kwamba beni ilizaliwa ndani ya ushindani wa zamani wa ngoma za pwani, nao ushindani huo siku zote ulikuwa unachukua vitu vigeni na kuvifanya silaha. Kabla ya kofia ya kijeshi kulikuwa na majoho na majambia kutoka Arabuni. Mji wa bandari hupamba ngoma yake kwa kilicholetwa na upepo. Vijana walichukua gwaride kwa sababu wakati huo gwaride ndilo lililokuwa na heshima, na walipolichukua walilitia katika mchezo ambao Mzungu hakuujua kanuni zake.

Mombasa makundi yaliyotajika zaidi yalikuwa Kingi na Scotchi. Jina la kwanza lilitoka kwa mfalme wa Waingereza, la pili kwa askari wa Skotland, na ushindani wao ulizigawa familia. Wanawake walikuwa na ngoma zao, hasa lelemama, ambamo wachezaji hupanga mstari juu ya mabenchi na kucheza kwa mikono na mabega, taratibu, nyuso zimetulia, nguo zimefanana. Vyama vya lelemama viliandamana na vya beni, vikabeba majina yaleyale, vikawa na vyeo vyao na malkia wao. Kwa mwanamke wa Mombasa ambaye maisha ya heshima yalimtaka akae ndani, chama cha ngoma kilikuwa mahali pa kuamuru, kuchangisha, kujibizana na kushinda. Mtu akiuliza kwa nini wanawake waliweka vito vyao rehani ili kundi lipate nguo mpya, jibu liko hapo.

Gharama zilikuwa kubwa kweli. Karamu moja ilifuata nyingine, kila moja ikitaka kuizidi iliyopita, na watu waliingia madeni. Wanazuoni wa dini walikemea ubadhirifu huo pamoja na matusi yaliyofichwa kwenye mafumbo. Maofisa wa serikali walitaka kila ngoma iwe na kibali. Hoja za wanazuoni hazikuwa za kupuuzwa, kwani walioumia zaidi na madeni walikuwa wenye kipato kidogo. Hata hivyo nyumba kubwa zilikuwa zimetumia mali namna hiyohiyo kwa vizazi bila kukemewa kwa ukali uleule, na wachezaji walilijua hilo.

Beni ilishuka kusini kwa majahazi, pamoja na mabaharia na mafundi, ikaingia koloni la Wajerumani. Tanga ilikuwa imeiva kuipokea. Shule ya serikali iliyofunguliwa huko miaka ya 1890 iliwafundisha vijana kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili ili wawe makarani na maakida, nayo ilikuwa na bendi ya shaba ya wanafunzi. Karani anayejua noti za muziki na kuandika kumbukumbu za mkutano hahitaji kusukumwa aanzishe chama. Hapo, na Dar es Salaam, mji uligawanyika tena pande mbili, na majina ya pande hizo ndiyo yaliyokuja kuizunguka Afrika ya Mashariki: Marini na Arinoti.

Marini walijifananisha na wanamaji. Walikuwa makarani, watumishi wa ofisi, watu wa pwani au waliojihesabu hivyo, na usafi wa nguo ulikuwa dini yao ya pili. Arinoti walikusanya watu wa bara: wapagazi, vibarua, watu waliokuja mjini na kipande cha kaniki na nguvu za mabega. Marini waliwaita wenzao washamba. Arinoti wakajibu kwa idadi na kwa ngoma iliyotikisa vumbi. Lakini mpaka kati yao haukuwa ukuta. Mtu wa bara aliyepata kazi ya ofisi alihamia Marini, na mtu wa pwani aliyegombana na wenzake alipokelewa Arinoti kwa shangwe. Katika koloni ambalo serikali ilimwandika kila mtu kwa kabila lake, hivi vilikuwa vyama ambavyo Mnyamwezi, Mmanyema, Mzaramo na Myao walisimama safu moja na kuimba lugha moja. Lugha hiyo ilikuwa Kiswahili, na ilibaki Kiswahili hata ngoma ilipofika nchi ambazo Kiswahili si cha nyumbani.

Ndani ya chama mambo yalikwenda kwa vyeo. Juu alikaa mkuu mwenye cheo cha Kingi, chini yake magavana, majenerali, makanali, majaji na madaktari. Askari wa Wajerumani waliojiunga waliongeza vyao walivyovizoea, ombasha, shaushi, effendi. Vyeo hivi vilikuwa na kazi. Aliyechelewa mazoezini alishtakiwa mbele ya jaji wa chama akatozwa faini. Mgonjwa alitembelewa kwa amri. Ada zilikusanywa, zikaandikwa, zikatumika kumzika aliyefia mjini bila ndugu. Na mgeni akishuka kwenye meli au treni katika mji asioujua, akajitambulisha kuwa ni Marini au Arinoti wa mahali fulani mwenye cheo fulani, alipata chakula, mkeka wa kulala, na mtu wa kumtafutia kazi. Barua zilitumwa kutoka tawi hadi tawi, zikiwa na salamu, tarehe za mashindano na habari za kupandishwa vyeo. Serikali ya kikoloni haikuwa na huduma kama hizo kwa kibarua wa Kiafrika.

Kisha ikaja vita ya 1914. Vita hiyo iliwachota wanaume wa Afrika ya Mashariki kwa namna ambayo hakuna jambo lililokuwa limefanya kabla yake. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja katika kampeni nzima, na makumi ya maelfu yao hawakurudi. Walikufa kwa kuhara, malaria na njaa zaidi kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi hicho cha wapagazi. Nairobi nayo ina Kariokor yake. Katika makambi haya, na katika kambi za mateka, mtu wa Nyasa alilala karibu na mtu wa Tanga, Mbemba karibu na Mnyamwezi, askari wa zamani wa Mjerumani karibu na askari wa KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza. Jioni waliochoka walipanga safu tena, safari hii kwa hiari yao na chini ya makamanda waliowachagua wenyewe, wakacheza beni. Mpagazi aliyekuwa namba kwenye daftari la mchana alikuwa kanali usiku. Kwangu mimi hii ndiyo sura nzito kuliko zote katika historia ya ngoma hii, na nashangaa kwamba vitabu vingi vya vita vinaipita kimya.

Tabora ilipochukuliwa na majeshi ya Wabelgiji mwezi Septemba 1916, askari wa Kongo nao wakaikuta beni mjini. Jeshi la Wajerumani lilipoweka silaha chini Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, mwezi Novemba 1918, ngoma ilikuwa tayari imevuka mipaka ya koloni hilo. Waliobaki hai walirudi makwao na makoti ya jeshi, mifupa imechoka, na wimbo wa Kiswahili. Zomba, makao ya KAR huko Nyasaland, ikawa na beni. Kando ya Ziwa Nyasa, Watonga na Watumbuka waliigeuza wakaiita malipenga, Wachewa wakaiita mganda. Jina la mganda lilitumika pia upande wa Tanganyika, kwa Wanyasa na jirani zao. Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, ikapata beni zake, huko zikiitwa mbeni, katika miaka ya 1920, na Wabelgiji wakazitazama kwa jicho la polisi.

Waingereza walitazama kwa jicho hilohilo. Mwaka 1919 maofisa wa upelelezi walianza kuandikiana. Walikuwa na hofu za wakati wao: Waislamu wa dunia kuungana, Wabolsheviki, Wajerumani kurudi kwa mlango wa nyuma. Sasa wakaona mtandao wa vyama vyenye majenerali, vyenye matawi kutoka pwani hadi Zomba, vyenye barua zinazoitana kwa vyeo vya kijeshi. Barua zikafunguliwa na kusomwa. Ndani yake wakakuta salamu, michango na mipango ya ngoma. Wengine walitulia na kuandika kwamba ni mchezo wa watu wazima wenye akili za watoto. Hao wa pili walikosea zaidi kuliko wa kwanza. Njama haikuwako, lakini walichokuwa nacho mikononi ni ushahidi kwamba Waafrika wa makabila mengi, wasio na mfadhili wala mmisionari, walikuwa wakiendesha taasisi yenye nidhamu katika makoloni manne au matano kwa wakati mmoja.

Ushahidi wa hilo ulikuja kwa damu mwaka 1935, kwenye Ukanda wa Shaba. Serikali ya Rhodesia ya Kaskazini ilipandisha kodi ya kichwa migodini hadi shilingi 15 kwa mwaka, na habari zikawafikia wachimbaji kwa ghafla. Mwezi Mei migomo ikalipuka Mufulira, ikaenda Nkana, kisha Luanshya, ambako polisi walifyatua risasi na watu sita wakauawa. Wachimbaji hawakuwa na chama cha wafanyakazi. Basi ni nani aliyepeleka habari mgodi hadi mgodi? Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Russell ilihoji mashahidi, na jina la Mbeni likajitokeza tena na tena. Kile chama cha ngoma cha Jumapili, chenye kingi wake na madaktari wake, kilikuwa na watu kila mgodi, kiliwafahamu kwa majina, na watu walikuwa wamezoea kukiitikia. Wazungu waliokuwa wakicheka suruali zilizopigwa pasi sasa walikuwa wakiuliza chini ya kiapo nani hasa ni Kingi.

Miaka 16 baadaye, hapohapo Luanshya, mtaalamu wa jamii J. Clyde Mitchell alitazama ngoma iliyokuwa imezaliwa na mbeni. Iliitwa kalela, na wachezaji aliowaeleza katika andiko lake la mwaka 1956 walikuwa wengi wao Wabisa kutoka maeneo ya Bangweulu. Walicheza siku za Jumapili na sikukuu, wamevaa suruali za kijivu zilizonyooshwa, fulana safi na viatu vilivyong'aa. Kingi alikuwa amevaa suti na tai. Daktari alivaa joho jeupe lenye msalaba mwekundu. Na alikuwako mwanamke mmoja tu, aliyevaa nyeupe, cheo chake nesi. Kazi yake ilikuwa kupita kutoka mchezaji hadi mchezaji akiwa na kioo na kitambaa. Mchezaji alijitazama, akafuta jasho, akarekebisha njia ya nywele zake, akaendelea kucheza.

Mitchell aliona katika nguo hizo heshima ya maisha ya Kizungu, na katika nyimbo aliona makabila ya mjini yakitaniana. Alikuwa mtazamaji makini na tunamshukuru kwa kuandika. Lakini hebu fikiria kioo kile kikipita kwenye kambi ya mgodi. Wanaume hawa walishinda wiki nzima chini ya ardhi, katika vumbi, wakiitwa boi na watu wa umri wa watoto wao. Mchana wa mapumziko wanasimama mbele ya umati, na mtu anatumwa rasmi, kwa cheo, kuhakikisha kwamba kila mmoja wao anapendeza na anajiona kwamba anapendeza. Kijijini, mtu alitengenezwa namna hiyo siku ya harusi au siku ya kutawazwa. Kalela ilimfanyia mchimbaji kila wiki.

Pwani kwenyewe, kufikia miaka ya 1930, beni ilikuwa ikipungua nguvu. Makarani waliokuwa uti wa mgongo wa Marini walianza kuona kwamba mambo yao yanahitaji ukumbi mwingine. Mwaka 1922 Martin Kayamba na wenzake waliunda Tanga chama cha watumishi wa serikali wa Kiafrika, na mwaka 1929 African Association ikaanzishwa Dar es Salaam. Vijana walihamia kwenye dansi, na gitaa na saksafoni zikachukua nafasi ya ngoma kubwa. Wengine walihamia kwenye mpira: Yanga ilianzishwa mwaka 1935, klabu iliyokuja kuwa Simba mwaka 1936, na mji ukapata pande zake mbili mpya, zenye matarumbeta, rangi, mafumbo na kutambiana kwa namna ambayo mzee wa Arinoti angeitambua mara moja.

Wanawake waliendelea. Vyama vya lelemama, bomba na nyinginezo vilibaki na viongozi, ada na sare zao katika mitaa ya Kiafrika ya Dar es Salaam, na mwaka 1955 jambo hili likawa la siasa. TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, ilikuwa na mwaka mmoja tangu kuzaliwa, na wanawake hawakuonekana kwenye mikutano yake. John Hatch, mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, aliuliza iko wapi sehemu ya wanawake. Akatafutwa Bibi Titi Mohamed, mwanamke wa Kiislamu wa mjini, mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba. Bibi Titi hakuanza kwa kubandika matangazo. Alikwenda kwa viongozi wa vyama vya ngoma, mmoja baada ya mwingine, akawaambia wawaite wanachama wao. Kiongozi alipoita walikuja wote, kwa sababu walikuwa wamezoea kuja. Walikuwa wamezoea kuchanga, kuvaa sare, kusafiri kwa pamoja na kutunza siri za chama. Kabla ya mwaka kwisha maelfu ya wanawake walikuwa na kadi za TANU mjini humo, na kwa muda waliwazidi wanaume. Wasomi wachache wa chama walikuwa na hotuba nzuri. Umati uliosimama kumpokea Nyerere, kiongozi wa TANU, kwenye viwanja vya mikutano uliletwa kwa kiasi kikubwa na wanawake hawa, wakiimba.

Sitadai kwamba beni ilileta uhuru. Marini na Arinoti waligombana juu ya mambo madogo kwa miaka mingi, na vyama vyao viliwaheshimu wenye pesa kuliko maskini. Lakini anayeandika historia ya siasa za Tanganyika au Zambia akianza na katiba za vyama na majina ya waliosoma Makerere, anaanza katikati ya hadithi. Desturi ya kuitika mwito wa kiongozi asiye mkuu wa kabila wala mwajiri ilijengwa mtaani, miaka 50 kabla, na watu waliokuwa wakifanya mazoezi ya hatua.

Ngoma yenyewe ingali hai mahali pengi. Unguja beni ni ya harusi: tarumbeta, saksafoni na ngoma za bati zikitembea mtaani jioni, wanawake mbele, na nyimbo za taarabu zimeharakishwa mpaka hakuna anayeweza kusimama bila kucheza. Kando ya Ziwa Nyasa, Nkhata Bay na Likoma, malipenga inachezwa na makundi yanayoitwa boma, wachezaji wakiwa na suruali fupi nyeupe, soksi ndefu na filimbi ya kuongozea. Msimu wa mavuno ukipita boma moja huialika nyingine, na mwenyeji ndiye anayelisha. Vibuyu vyao vingali vinatengenezwa kwa mkono. Vinaunganishwa vidogo na vikubwa kwa nta mpaka vinapata mdomo mpana wa tarumbeta, kisha tundu linatobolewa ubavuni na kuzibwa kwa utando mweupe wa buibui, ule unaofunika mayai yake ukutani. Mchezaji anaimba ndani ya kibuyu, utando unatetemeka, na sauti inatoka kali, ya shaba. Siku hizi wengine hutumia kipande cha karatasi laini ya plastiki. Wazee wa boma hawapendi. Wanasema kibuyu cha plastiki kinalia lakini hakisikiki mpaka kijiji cha pili, na wanawatuma watoto kutafuta buibui.